Kutafuta kitanda cha mwaloni: shajara ya mradi

Januari, wiki ya kwanza

Mradi wa mwaka huu ni kitanda. Tulicho nacho kilitoka dukani ndani ya boksi, kimetengenezwa kwa unga wa mbao ulioshikamanishwa kwa gundi, na sasa skrubu zinazunguka tu kwenye matundu yake, hazina pa kuuma. Nyumba yenyewe, hapa Leicester, Uingereza, ilijengwa mwaka 1907. Milango, ngazi na fremu za madirisha za wakati huo bado zipo na zinafanya kazi. Nataka chumba cha kulala nacho kipate kitu cha rika lake.

Ninachotafuta: kitanda cha watu wawili, cha Kiingereza, cha mwaloni, mtindo wa Arts and Crafts, kilichotengenezwa kati ya 1890 na 1920, kikiwa na kichwa na miguuni, yaani ubao wa kila mwisho, vilivyozaliwa pamoja. Bajeti ni pauni 700, usafiri na matengenezo humo humo. Godoro lina fungu lake.

Kwa ambaye hajakutana na mtindo huu: ni kazi ya watu waliochoshwa na samani za viwanda vya enzi ya Malkia Victoria, zile za nakshi za kubandika na ngozi nyembamba ya mbao nzuri juu ya mbao hafifu. William Morris na wenzake walianzisha kampuni yao London mwaka 1861. Jina lenyewe lilitokana na chama cha Arts and Crafts Exhibition Society kilichoundwa mwaka 1887 na kufanya maonyesho yake ya kwanza mwaka uliofuata. Walichodai ni kwamba mbao ionekane ni mbao, kiungo kionekane ni kiungo, na aliyekitengeneza awe na sababu ya kujivunia. Nikisimama mbele ya kazi zao naona kama zimetengenezwa na mtu aliyeniheshimu kabla hajanijua. Ndiyo maana natafuta hiki na si kingine.

Januari, mwishoni

Nimeshinda jumba la makumbusho la Leicester, pale New Walk. Ernest Gimson, mmoja wa wabunifu wakubwa wa mtindo huu, alizaliwa mji huu huu mwaka 1864, na makumbusho ina chumba cha kazi zake na za wenzake. Mwaka 1893 yeye na ndugu wawili, Ernest na Sidney Barnsley, waliondoka London wakahamia mashambani, Gloucestershire. Gimson alikuwa mbunifu, mchoraji wa samani. Kazi ya kuzitengeneza aliiacha kwa mafundi wake, chini ya msimamizi Mholanzi, Peter Waals. Sidney Barnsley yeye alichora na kutengeneza mwenyewe, kuanzia ubao mbichi hadi nta ya mwisho.

Kazi zao ni maelfu ya pauni, sizigusi. Bajeti yangu iko kwa waliofuata nyuma yao. Wa kwanza ni Heal & Son wa Tottenham Court Road, London, kampuni iliyoanza mwaka 1810 kwa biashara ya manyoya ya magodoro. Kitukuu wa mwanzilishi, Ambrose Heal, alitoa mwaka 1898 katalogi ya samani za mwaloni mtupu, na wauzaji wa dukani kwake wakalalamika kwamba wanaletewa samani za gerezani. Leo samani hizo hizo ndizo zinazogombewa. Kisha kuna viwanda vilivyofuata mtindo kwa viwango tofauti, kama Shapland & Petter wa Barnstaple, waliofanya kazi safi kwa mashine bila kuona haya.

Jambo nililojifunza linalonitia wasiwasi ni kwamba vitanda ni vichache kuliko makabati na viti. Karne ya 19 Waingereza wengi walihamia vitanda vya chuma na shaba kwa sababu ya kunguni, ambao hujificha kwenye nyufa za mbao. Na kitanda cha mbao kikifunguliwa kinakuwa vipande vinne. Kimoja kinabaki darini, kingine kinaenda gereji, na baada ya miaka 50 hakuna anayekumbuka kwamba vilikuwa kitu kimoja.

Februari

Newark. Soko la vitu vya kale linalofanyika mara kadhaa kwa mwaka kwenye uwanja wa ndege za vita wa zamani, Nottinghamshire. Wafanyabiashara wanakuja kutoka Ulaya nzima. Tope na upepo wa kukata masikio. Nilivaa viatu vya mvua na nikaweka tochi mfukoni, na tochi ndiyo iliyonifaa zaidi.

Neno Arts and Crafts limeandikwa kwenye kila kitu cha mwaloni chenye rangi ya kahawia. Niliona kitanda chenye miguu iliyosokotwa kama kamba, kazi ya mashine ya miaka ya 1920 au 1930, ya kuiga Uingereza ya karne ya 17, na kina kibandiko hicho hicho. Niliona kingine kimetobolewa umbo la moyo kwenye kichwa. Ni kweli kwamba mbunifu C.F.A. Voysey alipenda sana umbo la moyo, na wengi wakamuiga. Lakini moyo unatobolewa kwa msumeno mwembamba ndani ya nusu saa, hata jana. Nimeacha kuutazama kabisa. Naanza nyuma ya kitanda, chini, kwenye miguu, ndipo nije mbele.

Kilichonishika ni kitanda kizima, pauni 550, muuzaji anasema ni seti. Kichwa kilikuwa cha mwaloni uliopasuliwa kwa robo. Maana yake gogo hugawanywa mara nne kwanza, kisha mbao hukatwa kufuata mstari wa kutoka kwenye moyo wa mti kwenda kwenye gome. Mwaloni ukikatwa hivyo unaonyesha mabaka yanayong'aa, yanapita kukingama nyuzi za mbao, na ubao haupindi kirahisi. Miguuni palikuwa na mwaloni uliopasuliwa kawaida, bila baka hata moja. Nikainama na tochi. Kwenye kichwa, karibu na kiungo, kulikuwa na alama ya VII iliyopigwa kwa patasi. Miguuni palikuwa na namba 31 iliyogongwa kwa muhuri wa chuma. Mafundi waliweka alama hizo ili vipande vya kitanda kimoja vikutane wakati wa kufunga. Hivi viwili havikuwahi kulala nyumba moja. Nilimshukuru muuzaji nikaondoka.

Pia niliona vichwa vya vitanda vinauzwa peke yake, vya kutundika ukutani nyuma ya godoro. Vizuri, na bei yake rahisi. Vinanisikitisha.

Februari, mwishoni

Nimempigia video baba mdogo, fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, ambaye ametengeneza vitanda tangu kabla sijazaliwa.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu. Nionyeshe hizo picha. Hapana, achana na urembo, nionyeshe mfumbati unavyoingia kwenye tendegu."

Nikamweleza kwamba vitanda vingi vya Kiingereza vya wakati huo havina mifumbati ya mbao. Ubavuni kuna chuma cha pembe, kila mwisho wake una kabari ya chuma cha kumimina, nayo inateleza kwenda chini ndani ya bamba lililofungwa kwa skrubu kwenye tendegu. Kadiri uzito unavyoongezeka juu ya kitanda, ndivyo kabari inavyozidi kukaza. Kampuni ya Vono ilisambaza sana vyuma vya namna hii, hata leo wauzaji wa vitanda vya kale huvitaja kwa jina lake.

Alinyamaza akifikiri, halafu akasema: "Basi hapo umepona. Urefu wa kitanda uko kwenye chuma. Chuma kinarefushwa. Upana ndio usiocheza nao, maana upana uko kwenye mbao ya kichwa."

Hilo limebadilisha orodha yangu. Mume wangu ana futi 6 na inchi 3. Vitanda vya kale vya watu wawili hapa vina upana wa futi 4 na inchi 6 na urefu unaozunguka futi 6 na inchi 3, karibu sawa na vya leo, na yeye miguu inatoka nje. Aliyezoea tano kwa sita ya nyumbani ataona futi nne na nusu ni nyembamba. Sisi tumelala kwenye upana huo miaka yote na umetutosha. Sasa siachi tena kitanda kwa sababu ya ufupi.

Akaongeza kabla ya kukata: "Kitanda ni pembe nne. Pembe zikicheza, mbao nzuri haikusaidii kitu. Kitikise kwanza, ndipo uulize bei."

Machi

Binamu yangu aliyeko Syracuse, New York, amesikia habari za mradi na kunitumia picha za vitanda vya Gustav Stickley, Mmarekani wa mtindo huu huu. Yuko mahali penyewe: karakana za Stickley zilikuwa Eastwood, pembeni ya mji huo, na jarida lake la The Craftsman lilitoka kuanzia 1901 hadi 1916. Vitanda vyake ni vizito, nguzo za mraba, vibao vya wima, hakuna kinachojificha. Alama yake ni bikari ya seremala na maneno ya Kiflemi, Als Ik Kan, yaani kadiri niwezavyo.

Nimemshukuru na kumwomba asinunue. Kusafirisha kitanda cha mwaloni kuvuka Atlantiki kunameza bajeti nzima. Nikamtahadharisha pia, kwa kuwa naye ameingiwa na hamu: kampuni ya L. & J.G. Stickley, iliyoanzishwa na wadogo zake Gustav, ilianza mwaka 1989 kutengeneza upya mitindo ile ya zamani, nayo ni kazi nzuri yenye jina halali la Stickley. Kwa hiyo jina peke yake halithibitishi umri. Atazame chini ya mbao, ndani ya viungo, na mahali ambapo mkono umegusa kwa miaka mingi.

Machi, mwishoni

Stoneywell, kaskazini-magharibi ya Leicester. Nyumba ambayo Gimson alimjengea kaka yake Sydney mwaka 1899, juu ya miamba, ikafuata mteremko wa kilima badala ya kuusawazisha. Familia ilikaa nayo hadi ilipochukuliwa na National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria, na samani nyingi zimebaki mahali pake.

Nilitumia muda mrefu kwenye viungo. Ulimi wa mbao unapenya tundu, unatokea upande wa pili, na kichwa chake kimeachwa kikionekana, kingo zake zimelainishwa kwa kisu. Kijiti kidogo cha mbao ngumu kinapita kukingama na kuufunga. Ukipitisha macho unaona kijiti si duara kamili. Kilichongwa kwa mkono kikagongwa kwenye tundu la duara, kona zake ndizo zinazouma. Kiungo hiki hakitegemei gundi. Baada ya kuviona vya kweli, vya uongo vinajitangaza: kuna samani za kiwanda ambazo kijiti ni kibandiko cha unene wa sarafu, hakiingii popote.

Aprili

Mnada wa mtandaoni, nyumba ya mnada ya mkoani ambayo sitaitaja. Tangazo: kitanda cha mwaloni, Heal's, mwaka 1905 hivi, makadirio pauni 200 hadi 300. Kabla ya kupandisha bei yoyote niliomba picha za nyuma na za ndani ya matendegu. Zikachelewa siku mbili, na zilipofika zilionyesha mabamba mapya yanayong'aa na, chini yake, matundu ya zamani yaliyozibwa kwa puti. Kile kibandiko cha duara chenye jina la Heal kilikuwepo, lakini kimegundishwa juu ya nta, wakati vya asili vimezamishwa ndani ya mbao, vikiwa sawasawa na uso wake. Kibandiko kilitoka kwenye droo fulani kikahamia kitandani.

Hesabu pia iliniweka macho. Juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya ushindi mnadani, wanachukua kamisheni ya asilimia 25, na juu ya kamisheni hiyo kodi ya asilimia 20. Kitanda kikiangukia pauni 220, unalipa 286 kabla ya gari. Sikupandisha. Kiliuzwa 340.

Mei

Kimepatikana, nje ya mji wa Market Harborough.

Mama mmoja mzee anahamia nyumba ndogo karibu na binti yake, na kitanda kilikuwa chumba cha wageni. Kilikuwa cha wazazi wa mumewe. Nilifanya alivyoniambia baba mdogo: kabla ya salamu kuisha nilishakishika nguzo na kukitikisa. Hakikutoa sauti.

Nguzo nne za mraba, zinapungua unene kidogo kidogo kuelekea juu, na kila moja ina kofia bapa iliyokatwa kingo. Kichwani kuna vibao vya wima vimesimama kati ya mihimili miwili. Katikati ni kipana kuliko vingine, na ndicho chenye mabaka makubwa kuliko yote, kama fundi alikichagua kwanza kisha akapanga vingine kukizunguka. Miguuni ni umbo hilo hilo, fupi zaidi. Ndimi zinatokea nje, vijiti vinapita ndani kweli. Alama za patasi, III na III, zinakutana.

Nyuma ndiko nilikokaa zaidi, nimelala chali sakafuni. Mabamba ya chuma yamefungwa kwa skrubu za mfereji mmoja, na kuzunguka kila bamba kuna kivuli cheusi kwenye mbao, mpaka safi usiovuka. Bamba halijawahi kusogezwa tangu lifungwe. Rangi ya mwaloni nayo ilinipa jibu: nyuma ya tendegu moja kuna ukanda mwembamba wa mbao nyeupe ya nje ya mti, na ukanda huo umebaki wa rangi hafifu wakati sehemu nyingine zote ni za kahawia ya asali iliyoiva. Ni dalili ya mwaloni uliofukizwa kwa mvuke wa amonia. Mvuke unashika tanini iliyo ndani ya mbao na kuibadilisha rangi kutoka ndani, na mbao ya nje ina tanini kidogo, haibadiliki. Rangi ya kupaka ingefunika kote sawasawa.

Kwenye ukanda huo huo mweupe kulikuwa na matundu ya fukusi, ya upana wa milimita moja na nusu hivi. Mdudu huyu hupenda mbao ya nje, na kati ya Mei na Agosti ndipo wakubwa wanapotoboa kutoka. Kingo za matundu zilikuwa nyeusi na butu, hakuna unga. Matundu mapya yana kingo kali na unga wa rangi ya krimu.

Hakuna jina popote. Kuna mabaki ya karatasi ndani ya mhimili, yasiyosomeka. Umbo lina harufu ya katalogi za Heal, lakini sitamwambia mtu kwamba ni Heal. Nimelipia mwaloni na viungo. Alitaka pauni 450. Nilimwonyesha matundu na nikamweleza kazi iliyobaki, tukakubaliana 380. Akaniomba kitu kimoja, nimtumie picha kikishatandikwa.

Juni

Kichwa na miguuni viko gereji, vimesimama juu ya karatasi nyeusi ili unga wowote unaodondoka uonekane. Hadi sasa karatasi ni safi. Nimepaka dawa ya boroni kwenye ule ukanda mweupe hata hivyo, kwa brashi, na kuingiza kwenye matundu kwa sindano.

Usafi ni wa pole pole: kitambaa, kiyeyushio cha rangi (white spirit) kidogo, na pamba ya chuma ile laini kabisa pale tu nta ya zamani ilipoganda na vumbi. Msasa hauruhusiwi kukaribia. Juu ya kofia za nguzo kuna mng'ao ulioletwa na viganja vya watu zaidi ya miaka mia, na dakika moja ya msasa inaumaliza. Baadaye nta ya nyuki, tabaka jembamba, kusugua, kusubiri, tabaka la pili.

Vyuma vya ubavuni ndivyo vilivyohitaji fundi. Kabari za mwisho ni chuma cha kumimina, hakichomelewi vizuri, kinapasuka. Fundi wa karakana ya jirani alitoboa ribiti za zamani akazitoa, akakata chuma cha pembe kipya kirefu zaidi kwa inchi 3, akafunga kabari zile zile kwa bolti. Mabamba kwenye matendegu hayakuguswa. Sasa kitanda kina urefu wa futi 6 na inchi 6, na chuma cha zamani nimekifunga na kukiandika, kikae na kitanda, atakayekuja baada yetu akitaka akirudishe.

Chaga ni za msonobari, milimita 19, na katikati nimeweka mhimili wenye mguu unaofika sakafuni, ili uzito wa watu wawili usiegemee vyuma peke yake.

Hesabu: kitanda 380, gari la kukodi 65, vyuma 70, chaga na mhimili 48, dawa na nta 30. Jumla pauni 593.

Julai

Kimefungwa. Mabamba yalipokea kabari bila nyundo, kwa kusukuma kwa kiganja tu. Godoro la urefu huo mpya ilibidi liagizwe, si saizi ya kawaida hapa, na limeingia bila kubana. Mama wa Market Harborough ametumiwa picha, akajibu kwamba mumewe angefurahi.

Baba mdogo ameziona pia, na sasa ana mteja Mikocheni anayetaka cha namna hii, cha mninga. Aliniuliza kuhusu amonia. Nimemwambia aiache: ile ya kufukizia ni kali, inaunguza macho na mapafu, mafundi wa hapa huifanya ndani ya hema lililofungwa wakiwa wamevaa barakoa, na isitoshe mninga una rangi yake nzuri. Amekubali. Anachotaka ni vipimo vya nguzo, kwa hiyo leo nimechukua bikari na kanda ya kupimia: unene wa chini milimita 57, wa juu 44, mteremko unaanza sentimita 30 juu ya sakafu na uko pande mbili za ndani tu, zile za nje zimenyooka. Vijiti ni milimita 9. Nimemchorea pia kofia kwa ukubwa wake halisi, na mchoro umeshakwenda.